Kabla Hujamwandikisha Mtoto Jina la Nadra

Simama asubuhi kwenye kituo chochote cha kununulia chai kati ya Litein na Mogogosiek, saa ambapo akina mama wamepanga foleni na majani yao mabichi, kisha uite "Chepkoech!" Watageuka kadhaa. Ita "Chepng'etich", watageuka wengine. Karani wa mizani hababaiki, kwa kuwa kila mkulima ana nambari yake na nambari ndiyo inayoingia kwenye risiti. Majirani nao wana njia yao: huyu ni Bot Kevin, yaani mama Kevin, yule ni Bot Mercy, na yule mwingine ni wa kule ng'ambo ya mto.

Wazazi vijana wa Kericho na Bomet wameanza kuuona wingi huu wa majina yanayofanana kuwa kero, nami nawaelewa. Mtoto anaingia darasa la kwanza anakuta wenzake wanne wanaitwa kama yeye. Basi mama mjamzito anataka jina la nadra, la Kikipsigis, lisilo la kila mtu. Ni nia njema, na nataka kusaidia itimie vizuri, maana nimeona majina mazuri ya kale yakipewa watoto yasiyowahusu, na mengine yakiharibiwa na herufi mbili tu kwenye cheti.

Kwanza tukumbushane majina yetu yanavyopatikana. Kwa desturi Mkipsigis hakuwa na jina moja. Lililotangulia ni kurenet. Mtoto akishazaliwa, wanawake wa nyumbani walitaja majina ya wazee wa ukoo waliokwisha kufariki, mmoja baada ya mwingine, na mtoto akipiga chafya jina fulani linapotajwa, basi huyo ndiye aliyemjia. Pengine alinusishwa ugoro kidogo ili chafya isichelewe. Ian Orchardson, Mzungu aliyeishi miongoni mwa Wakipsigis na kuoa huku, aliieleza desturi hii, na vivyo hivyo J. G. Peristiany, ambaye kitabu chake juu ya maisha ya Wakipsigis kilitoka mwaka 1939.

La pili ni jina la uji, hili la Kip kwa mvulana na Chep au Che kwa msichana, ambalo linaeleza mtoto alikuja lini, wapi au katika hali gani. Mengi tunayoyasikia kila siku ni saa za mchana na usiku zilizopimwa kwa mifugo. Kipng'etich na Chepng'etich walizaliwa ng'ombe wakitolewa kwenda malishoni. Kibet na Chebet ni wa mchana. Kiprotich na Cherotich walikuja ng'ombe wakirudi zizini, Kiprono na Cherono mbuzi na kondoo wakiingia jioni, Kiplang'at na Chelang'at jua likishazama, Kipkirui na Chepkirui watu wakiwa wamelala, na Kipkoech na Chepkoech kukipambazuka.

La tatu lilikuja baada ya jando: arap, yaani mwana wa. Mtoto wa Kipkoech akawa arap Koech, na kile kiambishi cha mbele kikaachwa. Naye arap Koech akimzaa Kiprono, wajukuu wakawa arap Rono. Jina la baba lilisogea kizazi hadi kizazi, halikukaa palepale. Kilichokuja kuligandisha ni kipande, yaani kitambulisho cha mkoloni, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha rejista za shule na za kanisa, zilizotaka kila familia iwe na jina moja la mwisho lisilobadilika. Ndiyo maana leo ukoo mzima unaweza kuitwa Koech, hata wale ambao baba zao walizaliwa saa sita mchana.

Sasa tazama yaliyotokea. Kurenet imebaki jina la ndani ya nyumba au imeachwa kabisa. Arap imekuwa jina la ukoo. Likabaki jina la uji kubeba mzigo wote, nalo likapunguzwa. Mtoto akizaliwa hospitalini, muuguzi anaangalia saa ukutani na kuandika muda. Muda huo ndio tunaoutumia kuchagua jina, nao unatuletea yaleyale: alfajiri, mchana, jioni, usiku. Majina ya mahali na ya tukio yamepungua kwa sababu mahali penyewe pa kuzaliwa pamekuwa pamoja. Hakuna anayezaliwa tena chini ya upenu wa nyumba akaitwa Kipketer, wala nje uwanjani akaitwa Kipsang. Kipchoge, jina ambalo ulimwengu mzima umelijua kwa sababu ya wanariadha, ni la mtoto aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka, na ni mama yupi leo hujifungulia ghalani? Hata saa za ng'ombe zimebaki majina tu katika boma nyingi ambako ng'ombe hatoki bandani, analetewa majani ya napia, na shamba lililokuwa malisho limejaa michai.

Kwa hiyo jina la nadra halihitaji kutafutwa mbali wala kubuniwa. Yapo, ila yanasinzia. Chukua Kiprugut, na kwa msichana Cherugut.

Ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa. Babu zetu hawakulikwepa. Mvua zilipokosekana na mtama ukakauka, aliyezaliwa mwaka huo alibeba kumbukumbu ya mwaka huo, na wazee walikadiria umri wa watu wengine kwa kumtazama yeye. Lilikuwa jina la heshima pia, kwa sababu lilisema mama alibeba mimba na kunyonyesha katika dhiki, na mtoto akaishi.

Leo hulisikii sana kwa watoto wachanga. Wazazi wanaogopa kwamba ukimwita mtoto Kiprugut umemwitia njaa. Ninawasihi waangalie majirani zao. Katika mashamba makubwa ya chai wafanyakazi wa makabila mengi wamekaa mlango kwa mlango tangu kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kupanda chai huku miaka ya 1920. Miongoni mwao wamo Wabukusu wanaoitwa Wanjala na Nanjala, na Wajaluo wanaoitwa Okech na Akech, majina yote ya njaa, na hakuna anayeyakimbia. Nanjala ni jina la kawaida kabisa. Pwani nako wamejaa akina Shida, Tabu na Mashaka, na wengi wao ni watu wa raha zao.

Na kama ni baraka unatafuta ndani ya jina, huyu hapa Wilson Kiprugut Chuma, mzaliwa wa Kericho. Oktoba 1964, Kenya ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, alishika nafasi ya tatu katika mbio za mita 800 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki ambayo Kenya iliwahi kupata. Miaka minne baadaye, Mexico City, akapata ya fedha. Alifariki mwaka 2022. Medali zote ambazo nchi hii imejivunia tangu hapo zilitanguliwa na mtu aliyeitwa kwa jina la njaa, na naamini kila mtoto wa Kericho anastahili kuambiwa hivyo.

Lakini hapa ndipo ushauri wangu wa kwanza unapobana. Usimwite binti yako Cherugut kwa sababu tu umelipenda linavyotamkwa. Jina la uji ni ushahidi. Likitolewa mwaka ambao mahindi yamejaa ghalani na bonasi ya chai imelipwa vizuri, jina hilo linadanganya, na siku moja mtoto atauliza njaa ilikuwa ipi nawe hutakuwa na la kumjibu. Mwaka wa ukame ukija kweli, kama ule ambao michai iliungua kwa jua na mito ikapungua, basi mpe, na umsimulie. Vivyo hivyo na mengine ya tukio. Kiprop na Cherop ni wa mvua. Kipruto na Cheruto ni wa safarini, jina linalomfaa mtoto aliyezaliwa mama akiwa ugenini, au hata ndani ya gari kabla ya kufika hospitali. Kiptoo na Cheptoo walikuja wageni wakiwa nyumbani. Chepchumba, kama yule Joyce Chepchumba aliyeshinda mbio za marathoni za London mwaka 1997 na 1999, ni jina linalohusishwa na Wazungu, kwa mfano mtoto aliyezaliwa katika hospitali yao enzi ambapo kuzaliwa hospitalini kulikuwa jambo la kusimuliwa. Mtoto wa leo wa hospitali hana sababu ya kupewa hilo, kwa kuwa karibu wenzake wote wamezaliwa hukohuko.

Kwa maneno mengine, kabla ya kuuliza jina lipi ni adimu, uliza siku hiyo kulikuwa na nini. Andika mahali: hali ya hewa, nani alikuwa nyumbani, mlikuwa wapi uchungu ulipoanza, barabara ilikuwaje. Saa peke yake itakurudisha kwa Chepkoech.

Njia nyingine ni ya bibi. Wanawake wazee wa Kikipsigis wengi walikuwa na majina yanayoanza na Tap au Tab: Taprandich, Tapsubei, Tabutany na mengineyo. Kati ya wasichana wa shule ya msingi leo ni nadra kuyasikia. Kama kogo wako, yaani bibi yako, aliitwa hivyo, unalo jina ambalo si rahisi binti yako akute mwenzake analo darasani, na lina mwenyewe anayejulikana: kaburi lake liko wapi, alilima nini, alizaa wangapi. Kwangu mimi hili linazidi jina la kuokota. Ila nenda kwanza kwa wenye ukoo. Uliza kama yupo mtoto mwingine aliyekwisha kupewa, na uliza jina lilikuwa na maana gani na lilitolewa katika tukio gani, maana mengine yalitolewa ukubwani, si utotoni.

Wapo wanaosita kwa ajili ya imani. Makanisa mengi ya huku hayaipendi kurenet kwa sababu ya kule kuita waliokufa, na mzazi Mkristo hujiona amekwama kati ya mchungaji na mama mkwe. Sioni haja ya ugomvi. Kumpa mtoto jina la nyanya yake ni jambo moja, na ile ibada ya ugoro na chafya ni jambo jingine. Unaweza kuchukua la kwanza ukaliacha la pili, ukawaeleza wazee kwa adabu, mapema, kabla mtoto hajazaliwa. Wakilijua siku ya ubatizo watahisi wamedharauliwa, na watakuwa na haki.

Kuhusu maana, usitegemee orodha zinazozunguka kwenye simu. Nyingi zinachanganya Wakipsigis, Wanandi, Wakeiyo na Watugen kana kwamba wote wanasema sawasawa. Kwa Wanandi na Wakeiyo utakuta Jepkosgei na Jepchirchir, na huku kwetu ni Chep. Neno lilelile laweza kuegemea saa tofauti kidogo upande wa pili wa mlima. Waulize wazee wawili wa nyumba mbili tofauti, na wakitofautiana mtafute wa tatu. Msikilize pia anavyolitamka, kwa sababu hapo ndipo tunapofikia kazi ngumu zaidi.

Kikipsigis kina vokali fupi na ndefu, na maandishi yetu ya kawaida hayazitofautishi. Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu aliyezaliwa wilaya ya Kericho na kuandika kitabu juu ya isimu ya Kikalenjin, alilijali hilo kiasi cha kuandika jina lake mwenyewe kwa herufi mbilimbili: Taaitta Araap Toweett. Bado watu wengi waliendelea kumwandika Taita Towett. Kama msomi na waziri hakufaulu kuwalazimisha makarani, wewe usitarajie urahisi. Chagua tahajia moja inayosomeka, iandike kwenye karatasi, na isibadilike tena.

Kisha kuna ile ng' yetu. Msomaji wa Kiswahili anaijua vizuri kutoka kwenye ng'ombe, lakini kompyuta nyingi haziipendi. Chepng'etich anakuwa Chepngetich, Lang'at anakuwa Langat, Ng'eno anakuwa Ngeno, na mara nyingine mtu mmoja ana kitambulisho chenye alama na akaunti ya benki isiyo nayo. Amueni mapema. Mkitaka alama iwepo, hakikisheni ipo kwenye cheti cha kuzaliwa, na kuanzia hapo idaini kila mahali. Mkiona itamsumbua mtoto, iacheni mahali pote tangu mwanzo. Kinacholeta matatizo ni huku iko na kule haiko.

Wajapani wanalifahamu tatizo hili kuliko sisi. Tangu mwaka 1948 sheria yao ya rejista ya familia inaruhusu herufi fulani tu kutumika katika majina, na mwaka 1951 ikaongezwa orodha ya herufi 92 kwa ajili ya majina ya watu. Ila namna ya kuzisoma iliachwa huru, na wazazi waliotaka upekee wakawapa watoto wao majina ambayo hata mwalimu hawezi kuyasoma bila kuuliza. Mwaka 1993 baba mmoja katika mji wa Akishima, Tokyo, alitaka kumwandikisha mwanawe Akuma, yaani shetani, jambo likafika mahakamani na kuzungumzwa nchi nzima. Kuanzia tarehe 26 Mei 2025 rejista yao inataka matamshi ya jina yaandikwe pia, na yawe ya kukubalika. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, kwa hiyo kazi ya kufikiria mwalimu atalisomaje jina imebaki mikononi mwa mzazi.

Sasa usajili. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kuwa na jina na uraia tangu kuzaliwa, na Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, inataka kizazi kiandikishwe ndani ya miezi sita. Baada ya hapo unaingia kwenye usajili wa kuchelewa, na maswali yanaongezeka. Ukijifungulia hospitalini, taarifa ya kuzaliwa hujazwa pale pale, mara nyingi mama akiwa amechoka, bado yuko kitandani, na anayeandika ana wengine wanaosubiri. Ukijifungulia nyumbani, ni kwa naibu wa chifu. Katika hali zote mbili nenda na jina limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi. Usilitamke tu ukatumaini. Mwandikaji anaweza kuwa anatoka Kisii au Kakamega, na ukisema Tabutany ataandika alivyosikia. Baada ya kuandika, mwombe akuonyeshe, na msome herufi kwa herufi wewe na aliyekusindikiza.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: sheria hiyohiyo, kifungu cha 14, inaruhusu kizazi kuandikishwa kabla mtoto hajapewa jina, au jina lililoandikwa kubadilishwa, mradi mzazi afike ndani ya miaka miwili tangu usajili, alipe ada na kutoa ushahidi. Kwa hiyo kama ukoo bado unabishana, au kama karani alikosea, unayo nafasi. Itumie mapema. Mtoto akianza shule, mfumo wa elimu unataka cheti cha kuzaliwa, na jina lililomo ndilo litakalomfuata hadi cheti cha Baraza la Mitihani. Akifika hapo, herufi moja tu inaweza kumgharimu safari nyingi za Nairobi.

Mpangilio nao uangalie. Kwa kuwa majina yetu ya mwisho ni ya baba, binti anaweza kujulikana kwa jina ambalo si la kuzaliwa kwake. Dunia inamjua Faith Kipyegon, aliyetwaa dhahabu ya mita 1500 Rio, Tokyo na Paris. Jina lake mwenyewe la kuzaliwa ni Chepng'etich. Kama unataka Cherugut au Taprandich lionekane, liweke la kwanza au la pili, usilirundike la nne baada ya majina mawili ya Kizungu, kwa sababu fomu nyingi huishia kwenye la tatu. Na mama asiyeolewa anayetaka jina la baba liwe kwenye cheti asikubali kurudishwa: Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba kifungu kilichokuwa kikiwazuia watoto wa akina mama hao kupata jina la baba kwenye cheti kinakwenda kinyume cha Katiba.

Kwa mtu mzima aliyekua na majina matatu ya kawaida na sasa anataka kulirudisha jina la kogo wake, mlango upo. Wakili anaandaa hati ya kubadilisha jina, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, inatangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya, kisha ndipo unapokwenda kubadilisha kitambulisho, pasipoti, benki na nambari ya mkulima kiwandani. Vyeti vya zamani vya shule vitabaki na jina la zamani, kwa hiyo hifadhi nakala kadhaa za tangazo hilo pamoja navyo, kwa kuwa kila mwajiri ataliomba. Na kabla ya kumlipa wakili, kaa na shangazi zako mlithibitishe jina lenyewe na tahajia yake, maana tangazo likishachapishwa, kosa moja linadai hati nyingine na ada nyingine.